Damu chini ya retina: kisa cha Hajati mmoja wa Busia

Kisa hiki nimekaa nacho muda sasa, na Hajati mwenyewe amekubali nikiandike mradi nisimtaje jina, kwa hio vitu vidogo vidogo nimevigeuza asijulikane huko sokoni. Nakiandika kwa sababu kila nikimwambia mtu kwamba damu imevuja chini ya retina yake, ule utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga, swali linalorudi ni lilelile, musawo (daktari) itapona? Na jibu la mara moja halipo. Kuna macho yanarudi mpaka mtu anasoma tena, na kuna macho yametibiwa kwenye hospitali zenye kila mashine na hayakurudi. Kwa jicho hili la Hajati mimi naamini matokeo yaliamuliwa kwa sehemu kubwa kabla hajafika Kampala, yaliamuliwa na chanzo cha ile damu, na unene wake, na siku zilizopita. Matibabu yalikuja juu ya hayo.

Mimi ni afisa tabibu wa macho, sio daktari bingwa, nafanya kazi huku mpakani Busia upande wa Uganda ambako kutwa nzima ni Kiswahili, madereva wa malori, wenye maduka, akina mama wa soko, wote. Hajati ana miaka 66, anauza vitenge, presha anayo zaidi ya miaka kumi, na vidonge vya presha alikuwa navyo nyumbani kwenye kopo ila anameza siku kichwa kikiuma tu. Hilo tulikuja kulijua baadaye, siku ya kwanza alisema "namezaga" na ni kweli alikuwa anameza, si kila siku tu.

Jumatatu alfajiri aliamka kuswali, akawasha taa, akaona katikati ya kila kitu kuna doa jeusi lenye wekundu, akafikiri ni usingizi. Akanawa uso, doa lipo. Akafumba jicho la kushoto ndo akagundua ni la kulia lenye shida, maana ukifungua yote mawili lile zima linalifichia mwenzake. Halikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomchelewesha, jicho lisilouma mtu anasema acha tuone kesho. Jumanne akaenda duka la dawa akapewa matone ya kloramfenikoli, yale ya kutibu macho mekundu yenye tongo, na jicho lake lilikuwa jeupe safi. Alhamisi akaenda kituo fulani cha afya wakamwandikia mtoto wa jicho, ati arudi kambi ya operesheni ikija. Jamani, mtoto wa jicho hauji usiku mmoja. Unakuja kwa miezi na miaka, polepole, kama mtu amelala anaona na kuamka haoni hapo tafuta kitu kingine haraka. Siwalaumu wale wahudumu mmoja mmoja, wengi hawana kifaa cha kuangalia ndani ya jicho na foleni ni ndefu, lakini hizo siku ni siku za retina zinapotea.

Jumamosi ndo akafika kwangu, siku ya tano hio tangu aamke na lile doa.

Nilimkalisha mbele ya chati ya herufi, jicho la kushoto linasoma mpaka mstari wa 6/6, yaani uoni wa kawaida, la kulia halioni hata herufi kubwa ya juu, nikasogea nikamwonyesha vidole nusu mita akahesabu kwa kubahatisha pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, kofia yako naiona, mikono naiona, uso ndo umefutika." Hio sentensi peke yake ni nusu ya uchunguzi, mtu anayeona pembeni na katikati hamna, shida iko kwenye makula, kile kisehemu kidogo cha katikati ya retina tunachotumia kusoma na kutambua sura. Nikapitisha tochi jicho moja kisha lingine, huku na huku, mboni zote mbili zinajibana sawasawa, kwa hio neva ya jicho iko salama. Presha 198 kwa 110. Sukari ya kawaida.

Nikaweka matone ya kupanua mboni, tukasubiri, nikaangalia. Damu nyeusi inayokaribia zambarau, imekaa katikati kabisa, upana wake kama mara nne ya kile kiduara cha neva. Na hapa nisimame kidogo kwa wenzangu wa kliniki, kitu cha kutazama sio damu peke yake, tazama mishipa ya retina. Kwa Hajati mishipa ilikuwa inapita juu ya lile giza, unaifuata kutoka upande huu mpaka ule haijakatika popote. Maana yake damu iko chini ya retina. Ingekuwa mbele ya retina ingeifunika mishipa usiione. Ila juu kidogo, upande wa nje, kulikuwa na kipande kingine chekundu cha kung'aa na hapo mishipa imepotea kabisa, hio ni damu ya mbele. Na pale vipande viwili vinapokutana, juu ya ateri yenyewe, ule mshipa unaoleta damu, kuna kidoa cheupe cha umanjano kidogo sana kama kichwa cha pini.

Mama mtu mzima, presha ya miaka, damu ya tabaka mbili kwa pamoja, kidoa juu ya ateri. Hio ni ateri ya retina iliyovimba na kupasuka, tunaita makroanurizimu. Presha imeusukuma ukuta wa ateri mwaka baada ya mwaka mpaka ukalegea sehemu moja, kama tyubu ya baiskeli iliyochoka inavyotoa kauvimbe pembeni, halafu siku moja kanapasuka. Wanawake wa zaidi ya miaka 60 wenye presha ndio tunaowaona nayo zaidi.

Kwa nini nang'ang'ania chanzo? Kwa sababu kwenye vitabu vingi vya nje, mtu akisema damu chini ya makula anafikiria kwanza uchakavu wa makula wa uzeeni, ule ambao mishipa mipya mibovu inaota chini ya retina kutoka kwenye koroidi, lile tabaka la mishipa ya damu lililo chini ya retina, inavujavuja. Huko damu ni dalili tu ya nyumba iliyokwisha kuoza, ukiitoa damu yote bado chini kuna mishipa mibovu, kuna seli za rangi zinazolisha retina ambazo zimekufa, na kovu linakuja. Kwa makroanurizimu ile sakafu ya chini mara nyingi ni nzima, ni damu imemwagikia mahali pazuri. Ukiiondoa mapema retina ina pa kurudia. Kuna aina ya tatu ambayo kwa watu weusi na Waasia inaonekana zaidi kuliko kwa Wazungu, mishipa ya koroidi inatengeneza vifundo vifundo, nayo inatoa damu nyingi ghafla na inarudiarudia. Halafu kuna vijana, hawa wa boda na wa mpira, anapigwa na kitu jichoni koroidi inapasuka, damu ikishakauka unaona mstari mweupe uliopinda kama mwezi mwandamo, na kama mstari umepita katikati ya makula basi hata damu iondoke yote uoni haurudi vizuri. Huyo naye hata akipona lazima afuatiliwe maana mishipa mibovu inaweza kuota kwenye huo ufa miezi ama miaka baadaye.

Sasa damu yenyewe inafanya nini pale chini, kwa sababu watu wanafikiri inaziba tu kama pazia na ikikauka utaona. Hapana. Inatenganisha seli za kuona na tabaka linalozilisha, kwa hio zinakaa na njaa. Pili hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, ikivunjika inaachia chuma, na chuma ni sumu kwa zile seli. Tatu damu inaganda, nyuzi za fibrini zinajishika kwenye ncha za seli, na bonge likianza kusinyaa linazivuta na kuzing'oa. Mwaka 1982 Glatt na Machemer walidunga damu chini ya retina za sungura, ndani ya siku moja seli zilianza kuharibika na kufikia wiki uharibifu umeshakuwa mkubwa. Machemer huyo ndiye aliyetufungulia njia ya kuingia ndani ya jicho na kutoa ute unaolijaza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1991 Toth na wenzake wakaonyesha kwa paka hizo nyuzi zinavyong'oa. Sungura sio binadamu, retina yake haina mishipa ya kutosha kama yetu kwa hio inaumia haraka zaidi, ndio maana kwa watu tunapewa nafasi ya wiki moja hivi yenye matumaini mazuri, wiki mbili yenye matumaini ya wastani, baada ya hapo kila siku ni hasara. Kwa hesabu hio Hajati alikuwa amebakiwa na siku chache.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni presha, na hapa kuna tabia mbaya nataka iachwe, ya kumwekea mtu nifedipini chini ya ulimi ishuke sasa hivi. Presha ya miaka ikidondoshwa ghafla ubongo unaweza kukosa damu ukampa mtu kiharusi wakati ulikuwa unamtibu jicho. Tulimrudisha kwenye amlodipini yake, tukamkalisha, jioni ikawa 176 kwa 98, inatosha kwa siku hio. Nikamuuliza pia kama anameza aspirini ama dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, hizo zinaweza kufanya damu iliyovuja iwe nyingi zaidi, akasema hamezi. Mtu anayemeza kwa sababu ya moyo msimwachishe kwa sababu ya jicho bila kumuuliza daktari wa moyo.

Pili nikampigia simu daktari wa retina Kampala kabla sijaandika rufaa. Barua ya rufaa peke yake inaingia kwenye foleni, simu inasema huyu ni wa siku ya tano, umri huu, chanzo nadhani ni hiki. Akasema aje Jumatatu asubuhi asile sana.

Basi ikaja shughuli ya familia. Kijana wake mkubwa akasema, "Musawo, sisi tutafute pesa tumpeleke mama India." Ni mtoto mzuri, alikuwa tayari kuuza kiwanja. Nikamwambia ukweli, India wana madaktari wazuri sana wa retina, lakini hesabu siku. Pasipoti, viza, tiketi, mpaka afike akae kwenye kiti cha daktari damu imeshapita wiki mbili ama tatu, na atakuwa amenunua matibabu mazuri ya jicho lililokwisha chelewa. Na dawa ile ile ya kwanza ambayo angepata huko India, Kampala ipo. Akanyamaza, akauliza nauli ya teksi ni ngapi. Jumapili jioni wakaondoka, wakalala Kampala kwa ndugu.

Jumatatu akapigwa picha ya OCT, ile mashine ya mwanga inayokata retina kama mkate ukaona tabaka kwa tabaka. Damu chini ya katikati ya makula ilikuwa nene, zaidi ya maikroni 500, nusu milimita yaani. Unene huo ni muhimu. Damu nyembamba unaweza kutoa sindano tu ukangojea mwili uifyonze, nene namna hio ukiiacha inakaa wiki nyingi na inaua kila kitu chini yake.

Njia zilikuwa nne. Kungoja, ambayo daktari aliikataa. Sindano ya Avastin peke yake, dawa ya kuzuia mishipa mibovu isiote na kuvuja, nzuri kama chanzo ni mishipa mibovu ya koroidi lakini haisogezi damu nene. Operesheni ya kutoa ute wa jicho na kupitisha kasindano kembamba mpaka chini ya retina, kuyeyusha bonge na kulisukuma. Na ya nne, kudunga gesi ndani ya jicho halafu mgonjwa alale kifudifudi ili ile gesi ikipanda juu igandamize makula na kuisukuma damu pembeni. Hio ya gesi ilianza kusemwa na Heriot wa Australia mwaka 1996, yeye alichanganya na dawa ya kuyeyusha damu, ile ile wanayowapa watu wa kiharusi na moyo. Miaka miwili baadaye Wajapani, Ohji na wenzake, wakaripoti kwamba gesi peke yake bila ile dawa nayo inaweza kusogeza damu kwa baadhi ya watu.

Na hapo ndo uamuzi wa Kampala ulikuwa. Dawa ya kuyeyusha siku hio haikupatikana, ingepatikana labda baada ya siku tatu nne kwa bei kubwa. Daktari akasema hatungoji, siku ya saba na gesi peke yake ni bora kuliko siku ya kumi na moja na kila kitu. Mimi nakubaliana naye mia kwa mia. Anayetaka matibabu kamili kama yalivyoandikwa asome kwanza siku zinafanya nini.

Jicho likatiwa ganzi kwa matone, likaoshwa kwa iodini, daktari akatoa maji kidogo ya mbele ya jicho kupunguza presha ya ndani, akadunga SF6 safi mililita 0.3, gesi ambayo inavimba yenyewe mpaka karibu mara mbili ya ujazo wake kwa siku moja mbili. Mara moja akamuuliza, Hajati unaona mwanga? Anaona. Hilo swali sio adabu tu, gesi ikipandisha presha ya jicho kupita kiasi ateri ya retina inaweza kuzibwa na damu isipite, na hapo una dakika chache za kuokoa.

Kisha kulala kifudifudi. Hii ndo sehemu ambayo matibabu yanaachiwa mgonjwa na watu wa nyumbani, na wengi wanashindwa, mgongo unauma, shingo inauma, mtu mnene hawezi pumua vizuri. Wajukuu wakampangia magodoro mawili yenye nafasi katikati ya kuingiza uso, redio ikawekwa sakafuni, chai anakunywa kwa mrija. Akaniambia kwa simu kwamba kusujudu ndo mapumziko yake siku hizo, shingo imezoea. Siku tatu alishika kweli kweli, baada ya hapo akaruhusiwa kukaa lakini uso aendelee kuinamisha chini.

Na kuna jambo nataka kila mtu wa macho Uganda alishike. Binti yake ameolewa Kapchorwa, huko juu mlimani, akaja na gari, anataka mama apumzike kwake, hewa baridi, maziwa. Nia safi kabisa. Lakini Busia na Kapchorwa tofauti ya mwinuko ni zaidi ya mita 600, ukipanda ule mlima kutoka chini ya Mbale hewa ya nje inapungua uzito na gesi iliyo ndani ya jicho inatanuka, jicho halina pa kutanukia, presha inapanda, mtu anaweza kupofuka njiani akiwa kwenye kiti cha gari. Watu wanaambiwa wasipande ndege wakisha tiwa gesi na wanaitikia kwa sababu hawana safari ya ndege, hakuna anayewaambia kuhusu Kapchorwa, ama Kabale. Kampala mpaka Busia ni sawa tu, mwinuko unakaribiana. Binti akaelewa, akabaki yeye kwa mama yake mpaka gesi ikaisha, kama wiki mbili. Na karatasi wakapewa ya kuonyesha popote akipelekwa kwa dharura asipewe gesi ya kulazia usingizi ya nitrasi oksaidi, nayo inafanya vilevile.

Siku ya tatu baada ya gesi Hajati akasema anaona kama kuna mwezi unaelea juu ya maji chini ya jicho lake, hio ni gesi yenyewe, retina inaona vitu kichwa chini, na pembeni ya huo mwezi akaanza kuona mkono wa mjukuu una vidole. Nilipomwangalia damu ilikuwa imeshuka, katikati ya makula pamekuwa pekundu hafifu pa kupona na chini yake kuna rundo jeusi limekaa kama bakuli. Wiki mbili baadaye alisoma 6/60, maana yake anaona akiwa mita 6 kile ambacho jicho zima lingekiona kutoka mita 60. Kutoka kuhesabu vidole kwa kubahatisha mpaka pale ni hatua.

Kisha kikatokea kitu kilichotutisha. Wiki ya tatu akapiga simu jioni analia, kuna nyuzi nyeusi na moshi, ameona vizuri asubuhi sasa hivi giza. Damu ilikuwa imetoboa ikaingia kwenye ute wa jicho. Ni jambo linalojulikana baada ya kusogeza damu, lakini kabla ya kumtuliza mtu lazima uhakikishe retina haijaachia, maana nalo linaanza hivyo hivyo na nyuzi na giza. Nilimwita usiku huo huo, kwa tochi na lenzi sikupata picha nzuri, asubuhi akapelekwa akapigwa ultrasaundi ya jicho, retina imekaa mahali pake. Basi tukangoja, akilala kichwa kimeinuliwa kwa mito, na ikafyonzwa polepole kwa mwezi hivi. Kama isingefyonzwa angehitaji ile operesheni ya kutoa ute.

Wiki ya nane 6/36. Picha ya OCT ikaonyesha damu imeisha katikati lakini kuna maji, ile ateri iliyopasuka ilikuwa bado inavuja majimaji na mafuta, unaona duara la vidoa vya manjano. Akapewa sindano ya Avastin miligramu 1.25, na mwezi uliofuata ya pili. Avastin ni dawa ya saratani kwa asili, kichupa kimoja kinagawanywa dozi nyingi za macho, ndio maana bei yake mtu wa kawaida anaweza kuifikia kuliko Lucentis ama Eylea, sindano nyingine za kazi hio hio, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa macho tangu 2013. Makroanurizimu nyingi zikishapasuka zinajifunga zenyewe, yake ilichelewa ikajifunga baada ya sindano ya pili, sitasema kwa uhakika ni sindano ama ni muda.

Miezi sita tangu tuanze, 6/18. Ikakaa hapo.

Sasa 6/18 ni nini kwa mtu wa vitenge? Akifumba jicho la kushoto anatambua uso wa mteja akiwa ng'ambo ya meza, anahesabu noti, anasoma msahafu wa maandishi makubwa ila katika neno refu herufi moja inamezwa, anarudia anaipata. Rangi ndo bado, kitenge cha bluu nzito na cheusi kwa jicho hilo ni kimoja. OCT inaonyesha kwa nini, ule mstari wa seli za kuona katikati una pengo dogo, ni zile zilizokufa siku za mwanzo. Hakuna sindano inayozirudisha. Mimi nikiangalia hilo pengo naona Jumanne na Alhamisi ya ile wiki.

Kuna wenzangu wataniuliza, kwa nini asingefanyiwa operesheni kubwa moja kwa moja, si ndo ya kisasa? Twende kwenye tafiti. Mwaka 2004 Marekani walitoa matokeo ya jaribio kubwa, wagonjwa 336 wenye uchakavu wa makula na damu nyingi, nusu wakafanyiwa operesheni ya kuitoa na nusu wakaangaliwa tu. Baada ya miaka miwili walioweza kushikilia uoni wao ni asilimia 44 kwa waliofanyiwa na 41 kwa walioachwa, hakuna tofauti ya maana, na retina kuachia ilikuwa asilimia 16 kwa waliofanyiwa, 2 kwa wengine. Operesheni ilipunguza wale wanaopoteza uoni vibaya kabisa, hilo lazima lisemwe, lakini haikuwarudishia watu kusoma. Wale walikuwa na ile nyumba iliyooza chini, na enzi hizo sindano za Avastin na wenzake zilikuwa hazijaja. Hivi karibuni Wafaransa wakalinganisha operesheni na gesi kwa wagonjwa 90, pande zote mbili wakipewa dawa ya kuyeyusha na sindano za kuzuia mishipa, miezi mitatu baadaye uoni wa pande zote mbili ulipanda na hakuna aliyemzidi mwenzake. Kwetu hilo ni habari kubwa, kwa sababu gesi inawezekana kwenye chumba kidogo na operesheni inataka mashine, umeme usiokatika na bingwa ambao nchi nzima ni wachache.

Ila msichukue 6/18 ya Hajati mkampelekea kila mtu kama ahadi. Miezi hiyo hiyo nilikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu, damu chini ya makula vilevile, ukubwa unakaribiana na alifika mapema kuliko Hajati, siku ya tatu tu. Naye akapewa gesi, akapewa Avastin kila mwezi. Damu ilisogea vizuri sana, picha ilivutia, na chini yake tukakuta kovu la zamani na mishipa mibovu, uoni ukaishia 6/60. Familia yake ilihisi imedanganywa, maana daktari aliwaonyesha picha mbili, kabla na baada, na damu imeondoka kweli. Ndio maana siku hizi kabla mgonjwa hajapanda teksi namwambia mambo mawili yakiwa yametengana, damu kuondoka ni jambo moja na kuona ni jingine, na hilo la pili litategemea tutakachokikuta chini.

Presha ya Hajati sasa inacheza 138 kwa 84, vidonge anameza baada ya swala ya alfajiri kila siku, binti anampigia kumuuliza. Tulipima figo na moyo maana ateri iliyochoka jichoni haiko peke yake mwilini, moyo umetanuka kidogo na ameanza kuonwa kliniki ya moyo. Jicho la kushoto nalo nililipanua, ateri zimekuwa nyembamba na pale zinapokatiza juu ya mishipa ya vena zinaibana, alama za presha ya muda mrefu, lakini uvimbe hakuna. Nimempa karatasi yenye vijimraba aibandike kwenye kabati, kila Ijumaa anafumba jicho moja anaangalia, kisha lingine, mstari ukipinda ama kijimraba kikipotea apige simu siku hio hio, asipitie duka la dawa. Miezi minne ijayo narudia kuyapanua yote mawili.